Jiwe la Safu ya Tisa

Viatu vilikuwa vya Phaik Sim, lakini kuvipaka chokaa ilikuwa kazi ya Guat Khim. Kila Jumapili jioni alichuchumaa barazani mbele ya duka la baba yao, kopo la chokaa kulia, kitambaa kushoto, akazisugua raba za mdogo wake mpaka zikawa nyeupe pe. Masista wa shule ya Kiingereza hawakutaka kuona doa. Yeye mwenyewe alikwenda shule na mitalawanda ya mbao, ko ko ko, na huko shule ya Kichina hapakuwa na mtu wa kutazama miguu ya mwenzake.

Aliyeamua hivyo ni baba yao, Khor Teik Hoon, fundi wa mizani, ambaye katika kisiwa kizima cha Penang hakukuwa na muuza samaki asiyemjua. Alichonga miti ya mizani, akaipigilia vijipini vya shaba vya kuonyesha uzito kwa kukadiria, na hakukosea hata punje. Mtu wa namna hiyo hupima kila kitu. Mungu hakumpa mtoto wa kiume, akampa mabinti wawili, basi akawapima nao. Mtawala ni Mwingereza, alisema, kwa hiyo mmoja asome Kiingereza. Barua za nyumbani China zinakuja kwa Kichina, na mababu madhabahuni hawajui lugha nyingine, kwa hiyo mmoja asome Kichina. Wote wawili wakisoma Kiingereza, nani atasema na wazee? Wote wawili wakisoma Kichina, nani atasema na karani wa serikali?

Guat Khim, wakati huo ana miaka saba, akajibu kuwa yeye atasema na karani. Baba akacheka, akampapasa kichwa, akamwambia yeye ni mkubwa, na mkubwa ni wa mababu. Mama yao, aliyekuwa anachambua dagaa, akaongeza lake.

"Mkubwa jalala, mwanangu. Utazoea."

Hakuzoea. Tangu lini jalala likazoea taka?

Shule yake ilikuwa ghorofani kwenye nyumba ya ukoo, chumba kimoja chenye joto, na mwalimu aliyetoka Fukien, kule China, na rula yake. Herufi hamsini kwa siku, na asiyezikumbuka, viganja vyake vilizikumbuka. Guat Khim alizikumbuka. Mwandiko wake ulikuwa mzuri hata mwalimu akaubandika ukutani, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa mtoto wa kike. Akakimbia nyumbani kusema. Akakuta nyumba imejaa majirani wanamsikiliza Phaik Sim akiimba wimbo wa Kiingereza ambao hakuna hata mmoja wao aliyeuelewa. Wanapiga makofi, wanamwita kwa jina alilopewa na masista, Agnes, na baba, mtu wa kupima kila kitu, anatingisha kichwa kwa raha isiyo na kipimo. Ule mwandiko wa ukutani Guat Khim hakuutaja. Aliona gere, na gere likimshika mtoto wa miaka tisa, humshika vibaya.

Jumapili iliyofuata alikoroga chokaa kwa maji ya sukari. Kesho yake, watoto wamejipanga mstari uwanjani, sisimizi wakaingia kwenye raba za Phaik Sim kama waalikwa wa arusi. Alirukaruka, akavua, na sista akamsimamisha pekupeku juani hadi kengele ya saa nne. Guat Khim alishinda siku nzima akingoja kushtakiwa. Phaik Sim alirudi, akala wali wake, akanawa, na walipobaki wawili akasema neno moja tu.

"Dada, wiki ijayo usitie sukari."

Hilo nalo lilimuuma kuliko fimbo. Laiti angeshtaki. Mtu akikusamehe bila kuombwa, anakuwa juu yako, na Guat Khim alikuwa amechoka kuwa na watu juu yake.

Wakakua. Vita vikaja, Wajapani wakaja, wakaondoka, Waingereza wakarudi kana kwamba walikwenda sokoni mara moja tu. Phaik Sim akapata kazi ya kupiga taipu kwenye ofisi ya serikali, yenye panka darini na mapumziko ya kunywa chai. Akaolewa na karani wa bandari, Teng Hooi, kijana mpole wa Kiingereza kitupu, mwenye gari dogo la rangi ya kijani. Guat Khim akawa mwalimu wa shule ya Kichina, watoto sitini darasani, mshahara nusu ya ule wa mdogo wake, na panka hakuna. Posa zilizokuja zilikuja kwanza kumuulizia Phaik Sim, na zilipoambiwa ameshaolewa, zikaaga kwa adabu.

Baba akafa miaka miwili baada ya vita, mwezi wa Agosti, mkono wake ungali umeshika kekee. Wakamzika kwenye kilima cha ukoo, safu ya tisa kutoka chini, pamoja na wengine wengi wa jina la Khor. Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza, Kichina cha Guat Khim kilihitajika na watu wote. Aliandika maneno ya jiwe kwa mkono wake: jina la baba, kijiji chake, mwaka, na chini upande wa kushoto majina ya waliolisimamisha, Guat Khim na Phaik Sim. Fundi akachonga akifuata wino wake. Siku jiwe liliposimamishwa Phaik Sim hakuwepo, alikuwa katika arobaini ya uzazi, na mwanamke mzazi hakanyagi makaburini. Guat Khim alisimama peke yake mbele ya jiwe na akaona kuwa baba, sasa, amemrudia.

Mwanzoni mwa mwaka uliofuata serikali ikataka kila mwalimu wa shule ya Kichina ajiandikishe. Fomu ilikuwa ya Kiingereza. Guat Khim aliibeba kwenye mkoba kwa siku nne, kisha akaimeza aibu yake, akaipeleka kwa Phaik Sim amjazie. Phaik Sim aliandika haraka haraka, kalamu inateleza. Jina. Tarehe. Mahali. Akafika mstari mmoja, akasita, akaandika kistari kifupi, akaendelea. Guat Khim akauliza hapo wameuliza nini. Phaik Sim akajibu, kwa sauti ya chini, kuwa wameuliza elimu, lakini wana maana ya Kiingereza tu, dada, wengine huandika hivyo hivyo.

Miaka kumi na mitatu ya herufi hamsini kwa siku, na serikali ikapewa kistari. Naye aliyekiandika alikuwa mtoto aliyekuwa akipakiwa viatu chokaa. Guat Khim alikunja fomu, akashukuru, na mwezi haukuisha akahamia Taiping, ng'ambo ya bahari, kufundisha huko.

Kila mwaka mwezi wa Aprili, ilipofika Cheng Beng, siku za kusafisha makaburi, mama aliajiri mtu amwandikie barua ya kumwita. Kila mwaka Guat Khim alijibu kuwa shule haimruhusu. Shule ilimruhusu sana. Asichotaka ni kumwona Phaik Sim akishuka kwenye gari la kijani na mume na watoto na vikapu, halafu yeye anashuka kwenye basi na mwavuli. Alijiambia kuwa aliyepewa kila kitu apewe na kazi ya kufyeka majani. Akakaa hivyo miaka saba.

Mwaka wa nane barua ya mama ilikuwa fupi. Miguu yake, iliyomkataza kilima tangu maziko, sasa haikuweza hata ngazi za nyumba, na alitaka kusikia kabla hajafa kwamba binti zake wawili wamesimama mbele ya baba yao pamoja. Guat Khim akaja.

Walipanda kilima asubuhi. Phaik Sim na Teng Hooi na watoto mbele, Guat Khim nyuma akihema, wamebeba vikapu vya chakula, udi, karatasi za rangi za kuweka juu ya kaburi, na chungu cha kombe zilizochemshwa kidogo, maana baba yao alizipenda zingali na damu. Phaik Sim akasimama, akatua kikapu, akasema wamefika.

Walikuwa safu ya sita.

Guat Khim akadhani wanapumzika. Kisha akaona jiwe. Lilikuwa limeoshwa, herufi zake zimepakwa rangi nyekundu mwaka baada ya mwaka, na juu ya tuta maganda ya kombe yamejaa, maganda ya miaka saba, yale ambayo watu hula nyama yake pale pale kaburini na kuyatupa juu ili marehemu awe na utajiri. Akasoma. Khor Ewe Seng, wa kijiji kingine kabisa. Hakuacha mtoto, jiwe lake lilisimamishwa na chama cha ukoo. Phaik Sim aliijua herufi moja tu ya Kichina, ile ya Khor iliyokuwa kwenye kibao cha duka. Mwaka wa kwanza majani yalikuwa marefu, mti walioushika kama alama siku ya maziko ulikuwa umekatwa, mawe yote ya fundi mmoja, basi aliona Khor akapiga magoti. Tangu hapo maskini Ewe Seng alikuwa anakula kombe za watu.

Furaha ilimpanda Guat Khim mpaka akaogopa itaonekana usoni. Miaka ishirini na mitano alikuwa amelia ngoa, na leo mizani imelalia upande wake. Agnes wa masista, mpiga taipu wa serikali, hamjui baba yake mwenyewe. Sentensi ya kusema ilikuwa tayari mdomoni. Akatazama juu, safu ya tisa, na pale majani yalifika kifuani mwa mtu. Hapo furaha ikapungua kidogo. Kwenye familia nzima, mmoja tu angeweza kulisoma jiwe lile, na huyo mmoja alikuwa Taiping amenuna.

Phaik Sim akamenya kombe, akampa.

"Dada, nisomee. Miaka yote hii nakuja hapa kama kipofu, na Teng Hooi ndiye kipofu mwenzangu. Nataka watoto wamsikie babu yao."

Angesema hapo. Lakini aliona jinsi itakavyokuwa: Phaik Sim atalia, wote watamfariji, kisha watapanda na panga na ndoo na watoto, na kabla ya saa sita baba naye atakuwa wa gari la kijani. Kitu pekee ambacho mdogo wake hakuwa nacho kilikuwa kule juu kwenye majani. Guat Khim aliona choyo kumgawia hata hicho.

Akasimama wima, akakohoa, akasoma kwa sauti ya darasani. Khor Teik Hoon. Kijiji chao. Mwaka wa kufa. Kila neno alilolisoma lilikuwa la jiwe jingine. Phaik Sim alikuwa na machozi.

"Na jina langu lipo?"

"Lipo."

"Lipi?"

Guat Khim akanyoosha kidole, akagusa herufi mbili za chini kushoto. Phaik Sim akazipapasa, akaomba pakiti ya sigara ya mumewe, na nyuma yake akazinakili kwa penseli, polepole, ulimi umetoka nje kama mtoto wa darasa la kwanza.

Siku ya pili, akisema anakwenda kumsalimu mwalimu wake wa zamani, Guat Khim alipanda kilima peke yake. Alifyeka kwa mundu wa kuazima mpaka viganja vikatoka malengelenge. Akaupata mwandiko wake chini ya kuvu, akauosha, akakaa karibu na baba hadi jua likawa kali. Msimulizi asiseme uongo kama yeye: alikuwa na furaha. Alimweleza baba kuwa sasa ni wao wawili tu.

Njia ya mwongo ni fupi, na yake haikufika hata mwaka. Kabla ya mwaka mpya wa Kichina mama akaanguka. Guat Khim akaomba ruhusa, na safari hii aliiomba kweli. Mama alikuwa amekuwa mdogo kitandani, sauti imekwisha, lakini neno moja alilirudia kwa kila aliyemletea uji: alazwe pembeni mwa mume wake, mkono wa kuume, nafasi waliiacha wazi makusudi.

Guat Khim alisikia. Wakikosa kuambiwa, mama yake atalala milele ubavuni mwa Ewe Seng, mwanamume asiyemjua, naye baba atangoja mtu asiyefika. Ilimpasa kusema. Akapanga kusema wakati wa uji, akaona Phaik Sim amechoka. Akapanga kusema jikoni, shemeji akaingia. Alikuwa na miaka thelathini na tatu, amefundisha mamia ya watoto kusema kweli, na yeye neno moja halitoki. Maana kusema kosa la Phaik Sim ilikuwa rahisi. Kusema lake ndiko kulikomshinda. Mama akakata roho siku ya tano.

Siku ya kumwonyesha mchimbaji mahali, walipanda gari la kijani wote, Guat Khim nyuma na Phaik Sim kando yake, mabega yanagusana. Kilimani Phaik Sim alitangulia, mchimbaji na jembe lake akafuata, kisha Teng Hooi. Guat Khim alihesabu safu kwa miguu. Ya nne. Ya tano. Akafungua mdomo.

Phaik Sim hakusimama safu ya sita. Alipolifikia jiwe la Ewe Seng aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayemsalimu jirani, akapita. Akapanda hadi ya tisa, akaweka mkono juu ya jiwe la baba yao, na akamwonyesha mchimbaji upande wa kuume.

Guat Khim alipofika alikuta majani yamefyekwa tena, si na yeye. Herufi alizoziandika zilikuwa zimepakwa nyekundu mpya na mkono usiozoea brashi, rangi imevuka kingo hapa na pale. Mbili za mwisho, jina la Phaik Sim, zilipakwa mara mbili.

Teng Hooi akamwita mchimbaji pembeni kwenda kupima. Phaik Sim akasema bila kugeuka, sauti yake ya kawaida.

"Zile herufi mbili niliziandika kila jioni, miezi miwili. Nilitaka nikuandikie barua ya Kichina, niweke jina langu mwenyewe. Nikampelekea yule mzee anayeandikia watu barua pale kona, anikague. Akaniambia, bibi, umeandika vizuri sana, lakini hapa pameandikwa chama cha ukoo."

"Sim..."

"Nikanunua kitabu cha darasa la kwanza. Hicho hicho unachofundishia. Nikaja hapa nikatafuta jiwe kwa jiwe mpaka nikajiona."

Guat Khim akauliza kwa nini hakumwambia.

"Nilingoja uniambie wewe. Mama alipoanguka nikasema leo atasema. Alipokata roho nikasema leo. Asubuhi hii nimekaa nyuma na wewe makusudi, nikamwacha Teng Hooi peke yake mbele kama dereva."

Aibu ilimwasha Guat Khim kuanzia masikioni. Angepaswa kuomba radhi, na aliomba, maneno yakatoka vipande vipande. Lakini hata akiomba, jicho lake lilikuwa kwenye zile herufi, na yule nyoka wa zamani akamnong'oneza: miezi kumi tu, na amejifunza. Alipewa cha kwake, na sasa amechukua na cha kwangu.

Mchimbaji akarudi. Akauliza maneno ya jiwe la mama yataandikwa na nani, ili ampelekee fundi jioni ile ile. Akamtazama Guat Khim, kwa kuwa kila mtu wa kilimani alijua mwandiko ule. Teng Hooi naye akamtazama. Guat Khim akajiweka sawa.

"Nitaandika mimi," Phaik Sim akasema. "Dada atasaga wino."

Jioni waliketi mezani pale pale dukani, chini ya mizani za baba zilizoning'inia bila kazi. Guat Khim akatia maji kwenye jiwe la wino, akashika kipande cha wino, akaanza kusaga, polepole, akizungusha mkono kama alivyokuwa akikoroga kopo la chokaa. Phaik Sim akachovya brashi. Mstari wa kwanza wa jina la mama ulitetemeka. Wa pili aliuanza chini akapanda juu, kinyume, kosa la watoto wa wiki ya kwanza, na mkono wa Guat Khim ukanyanyuka wenyewe kutaka kumshika. Akaurudisha kwenye wino, akaendelea kusaga.

Phaik Sim hakuinua macho kutoka kwenye karatasi.

"Usitie sukari," alisema.